Filsan na Masomo Sita ya Ukoo

Filsan binti Magan, wa mtaa wa Tena, Nairobi, ni msichana asiyejua kunong'ona. Ukitaka habari zake usimuulize yeye, atakuchosha. Waulize walimu wake wa shule ya kutwa pale Umoja. Watakwambia kwamba tangu aingie kidato cha kwanza hajawahi kushika namba mbili, wala hajawahi kuinua mkono darasani akangoja aitwe. Mwalimu wa fizikia alikuwa akimwambia, "Filsan, waachie na wenzako," naye hujibu, "Nimewaachia, mwalimu, wamekataa." Darasa zima hupasuka kwa kicheko. Mwalimu naye hucheka, afanye nini?

Sasa msichana wa namna hiyo akisikia kwamba mahali fulani kuna kitu kigumu, unadhani atalala?

Kitu chenyewe kilikuwa diploma ya kimataifa. Shule moja kubwa ya upande wa pili wa mji, kule kwenye miti mingi na barabara zisizo na mashimo, ilitangaza kwamba inatafuta wanafunzi wachache kutoka mitaa ya Eastlands, wanaomaliza kidato cha pili, iwasomeshe bure. Masomo sita. Juu ya hayo sita, insha ndefu ya utafiti ambayo swali lake unalitunga mwenyewe, na somo jingine zima la kujiuliza tunajuaje kwamba tunachokijua tunakijua kweli, na kazi za kujitolea mtaani. Mwalimu mkuu alimweleza Filsan yote hayo polepole, kwa sauti ya mtu anayetoa onyo. "Wengi hulia mwaka wa kwanza," akamaliza.

"Tunaanza lini?" Filsan akauliza.

Mtihani wa kuingia aliupita vizuri, hilo halikumshangaza mtu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshangaa kidogo kuliko wote. Majirani, lakini, walikuwa na yao. Mama Kweyu wa nyumba ya chini alishika kiuno pale ngazini akasema, "Diploma? Mtoto wa alama za A tupu? Kwani si diploma ni ya wale waliokosa pointi za chuo kikuu?" Filsan akamweleza kwamba hii ni nyingine, ni ya sekondari, tena ukiipata vyuo vya dunia nzima vinakufungulia mlango. Akamweleza mara ya pili. Mama Kweyu akamsikiliza kwa huruma, kisha akampa pole. Watu wengine huwawezi.

Kulibaki mambo mawili: kuchagua masomo sita, na kwenda kwenye mahojiano kueleza umeyachagua kwa nini. Na hapo ukoo ukaingia.

Lazima nikueleze kuhusu Magan, babake Filsan, usije ukamfikiria vibaya. Magan anauza mapazia kwa jumla kule Islii. Ni mtu mrefu, mpole, wa kuongea taratibu, na ana desturi moja ambayo ni ya ukoo wao wote: hakuna jambo la maana linalofanyika nyumbani kwake kabla ndugu hawajashauriwa. Kununua friji, ndugu washauriwe. Mkewe Raho kupasuliwa nyongo, ndugu washauriwe, naye Raho amelala hapo hapo anaugulia. Simu huwekwa ndani ya bakuli tupu katikati ya zulia, bakuli likuze sauti, na kila ndugu kutoka alipo anatia neno lake. Usiicheke desturi hiyo. Magan mwenyewe alipotoka Garissa na begi moja, duka aliingizwa na shauri la ndugu waliokaa wakazungumza hivyo hivyo. Ila ina sharti lake: ukishamwomba mtu shauri naye akakupa, umefungwa. Huwezi kumrudia kesho ukamwambia umeonelea vingine.

Basi masomo ya Filsan yakagawanywa kama nyama ya sadaka, kila mtu na fungu lake. Ami Hirad, kaka mkubwa wa Magan, anayefundisha madrasa Garissa, akasema Kiarabu. Nani ambishie? Shangazi Iqra, dadake Magan, muuguzi wa Mombasa, akasema biolojia, tena kwa kile kiwango cha juu kabisa. Mjomba Abdifatah, kaka yake Raho, mwenye malori yanayokwenda Juba, akasema biashara. Hisabati ikapita bila ubishi. Kiingereza nacho kikapita, maana dunia ya leo ni ya Kiingereza, akasema Abdifatah, ambaye Kiingereza chake ni cha kuombea njia barabarani. Likabaki la sita. Hilo Magan alilichagua mwenyewe, kwa sauti ya chini. Kemia. Filsan atakuwa daktari, na msikitini watu walishaambiwa.

Na Filsan, huyo asiyejua kunong'ona, alisema nini? Hakusema kitu. Wala hakuona ajabu. Yeye alijua kazi yake ni kushinda, na la kushindania huletwa na wakubwa. Leta kemia, leta Kiarabu, leta hata kusuka mikeka, atakuwa namba moja. Alikuwa na raha zake. Jumatano alikwenda kwenye mahojiano peke yake, baba akiwa na mzigo wa kupokea dukani, hijabu ameipiga pasi mara mbili, na njiani akawa anajitabasamia mwenyewe.

Aliyemhoji alikuwa mratibu wa diploma, Mwalimu Nthoki, mama mfupi mwenye koti la kitenge na macho yasiyokuwa na haraka. Alimkaribisha kwa Kiswahili, akamsifia alama zake za mtihani, kisha wakaanza.

"Filsan, kwa nini biashara?"

"Mjomba wangu Abdifatah ana malori, mwalimu. Anasema biashara ndiyo inayoendesha dunia."

"Sawa. Na Kiarabu?"

"Ami Hirad ni mwalimu wa madrasa."

"Biolojia?"

"Shangazi Iqra ni muuguzi."

"Na kemia?"

"Baba."

Mwalimu Nthoki aliweka kalamu chini. "Nimefurahi kuwafahamu," akasema. "Wanaonekana watu wazuri. Sasa niambie, kati yao ni nani anayekuja kusoma hapa?"

Filsan akafungua mdomo. Hakukutoka kitu. Mambo hayo hayakuwa yamempata tangu azaliwe, na alikaa hapo mdomo wazi akingoja jibu lije lenyewe kama lilivyozoea, nalo halikuja.

Yule mwalimu hakumcheka. Laiti angemcheka, Filsan angepata la kujibu. Alisogeza kiti mbele akamwambia, "Akili unazo, hilo silo ninalouliza. Lakini mafunzo haya huwavunja hasa wenye akili wanaosoma masomo ya watu wengine. Utafika siku umechoka, insha haijaisha, kila mtu kwenu anadhani uko sawa. Siku hiyo mjomba hatakuwa hapa. Utabaki wewe na somo lako, na kama si lako utaliacha. Nimewaona wengi. Nenda ukachague upya. Jumatatu asubuhi uje na mzazi wako, uniambie masomo ni yapi na kwa nini. Ukinirudishia haya haya bila sababu yako mwenyewe, nafasi nampa msichana mwingine. Yuko, anangoja."

Filsan aliondoka pale uso unamwaka moto. Hasira zilikuwepo, ndiyo, lakini kubwa ilikuwa aibu. Hakutaka kwenda nyumbani kuulizwa mambo yalikuwaje, kwa hiyo akaenda mtaa wa Kware kwa Shiro, rafiki yake waliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza.

Kina Shiro wanaishi chumba cha ghorofa ya sita, katika moja ya yale majengo ya kupanga yaliyobanana hata ukinyoosha mkono dirishani unaweza kumpa jirani wa jengo la pili chumvi. Shiro alikuwa kitandani anasuka nywele za mdogo wake. Taa ilikuwa inawaka.

"Niaje, daktari?"

"Usiniite daktari." Filsan akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akamweleza yote, mpaka lile swali la nani anayekuja kusoma.

Shiro hakumpa pole. Shiro si mtu wa pole. "Lakini mwalimu amesema ukweli, Fili. Wewe mwenyewe unataka nini?"

"Sijui! Ningekuwa najua ningekuwa hapa?" Akatazama juu. "Na nyinyi mbona stima inawaka na ni saa nane mchana?"

Shiro akaacha kusuka. Alimtazama rafiki yake, akaanza kucheka, akacheka mpaka mdogo wake akageuka kumtazama. "Umesikia ulichosema? Kila siku ukikanyaga hapa kwetu, kitu ya kwanza ni hiyo. Hujasalimia mtu, hujakaa. 'Mbona stima inawaka mchana.' Halafu unaanza kupima ukuta na mikono. Nyuma ya vitabu vyangu vyote umechora hii ploti yetu, ghorofa zote, ngazi umezihamisha katikati, juu umetoboa shimo ya jua kuingia. Mwalimu ameninyang'anya kitabu kwa sababu yako."

"Huo ni mchezo tu, Shiro."

"Mchezo wa miaka miwili? Mazee, wacha zako."

Filsan alinyanyuka akaenda dirishani, akatoa kichwa nje, akatazama ule ukuta wa jengo la pili, na ukanda mwembamba wa mbingu juu yake. Ni kweli. Jengo hili alikuwa amelijenga upya kichwani mara nyingi kuliko alivyowahi kurudia somo lolote, na hakuna aliyemtuma. Alikasirika kwamba Shiro amemjua kabla yeye hajajijua, kisha hasira ikamwisha, akaanza kucheka naye. Mpaka jua linazama walikuwa wameshapata masomo sita. Fizikia, maana jengo husimama kwa fizikia. Jiografia, ajue miji inakuaje na maji na jua vinapitia wapi. Hisabati ibaki, ile aliipenda tangu zamani. Sanaa ya kuchora. Kiingereza. Na fasihi ya Kiswahili, tena kama lugha ya kwanza, kwa sababu ndiyo lugha anayotumia akigombana, na mtu hujua lugha yake kwa kugombana.

Biolojia haikuwemo. Kiarabu hakikuwemo, wala biashara. Kemia haikuwemo.

Kumwambia Magan ilikuwa kazi ya Jumamosi, alipofunga duka mapema. Filsan alipiga moyo konde akamweleza akiwa bado anavua viatu. Magan alisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka, yeye hafoki, na hilo ndilo huwa linatisha. Alikaa kwenye kiti na kiatu kimoja mkononi.

"Neno langu liko kwa watu, Filsan," akasema. "Nimewaomba shauri wakanipa. Mimi nitawaambiaje kwamba nimelitupa? Kesho baada ya swala ya alasiri tutaweka simu. Utawaambia mwenyewe. Wakiridhika, Jumatatu tunakwenda. Wasiporidhika, basi hiyo shule tuiache, urudi Umoja ukamalize kidato cha nne kama wenzako."

"Na wewe, Aabo? Wewe umeridhika?" Wao baba humwita Aabo.

Magan alivua kile kiatu cha pili, akaingia ndani.

Jumapili bakuli likawekwa kwenye zulia. Raho alileta birika la chai ya viungo na sahani ya sambusa, akakaa pembeni karibu na mlango wa jikoni, mahali pake pa siku zote. Ndugu wakaingia mmoja mmoja, Hirad na salamu zake ndefu, Iqra akiwa zamu ya mchana anaongea kwa kunong'ona, Abdifatah na injini ya lori nyuma yake. Magan akasema Filsan ana jambo. Naye Filsan, kwa sauti ile ile, akasema lake lote bila kupumzika.

Wee! Lile bakuli nusura liruke.

"Kuchora?" Ami Hirad ndiye aliyesikika juu ya wote. "Magan, mtoto anakwenda kusomea kuchora picha?"

"Nyumba, ami," Filsan akasema. "Nyumba hazina roho, kuzichora si haramu."

Abdifatah akacheka kicheko kikubwa, akakikata aliposikia amecheka peke yake. "Lakini biashara, Filsan," akasema. "Biashara umeitupa hivi hivi tu?"

Filsan alikuwa na majibu kumi tayari, na yote yangemshinda mjomba wake. Alijua angewashinda wote, mmoja baada ya mwingine, kama anavyowashinda shuleni. Lakini alimtazama babake aliyeinamisha kichwa, akaona kwamba akiwashinda amemwangusha yeye. Kwa hiyo akauliza lile alilokuwa ameulizwa.

"Mjomba, nisamehe. Kwa nini ulitaka biashara?"

"Kwa nini?" Injini ya lori ikazimwa. "Kwa sababu mimi natia sahihi mikataba ninayosomewa na watu. Kila ninaposhika kalamu najiuliza kama wamenisomea yote. Nilitaka awepo mmoja kwetu anayesoma mwenyewe."

Hakuna aliyejua hilo. Raho, dadake, aliweka kikombe chini.

"Na mimi nilipata alama za udaktari," Iqra akasema ghafla, bado kwa kunong'ona, na nyuma yake watoto wa wodini wakilia. "Biolojia nilikuwa wa kwanza mkoa mzima. Nikaambiwa uuguzi unamtosha msichana. Hirad anajua, alikuwepo."

"Siku hizi watoto ndio wanaotuhoji?" Hirad akasema. Alikuwa amekasirika sasa, na ukimsikiliza vizuri alikuwa pia ameumia. "Magan, hii ndiyo adabu? Tuliombwa shauri, tukatoa. Kama neno letu halina maana tuambie, tukate simu."

Magan alimtazama binti yake. Filsan akaona anakunja uso namna anavyofanya akitaka kumwambia mteja kwamba kitambaa kimekwisha, na akajua kinachokuja. Alikuwa karibu kusema nyamaza, Filsan, yameisha. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye bakuli.

"Mimi hamkuniuliza," Raho akasema.

Alilisema akiwa bado anamimina chai. Magan akageuka. Katika mashauri yote ya zulia lile, Raho alikuwa hajawahi kutia neno, na si kwamba alikatazwa. Hakuna aliyekumbuka kumpa zamu.

"Haya," Magan akasema. "Nakuuliza sasa. Wewe ulitaka achukue somo gani?"

"Lolote. Bora alichague yeye." Akaweka birika chini, akasogea mpaka karibu na bakuli, hata wa mbali wamsikie. "Mimi nilichaguliwa. Mlikaa hivi hivi, wewe Hirad ukiwepo, na wewe Abdifatah. Mkanichagulia mji wa kuishi, mkanichagulia na mume. Sikuulizwa hata rangi ya nguo. Na mume akatoka huyu." Akamwonyesha Magan kwa kidevu. "Mtu mwema. Hajanipandishia sauti hata siku moja, sina lawama naye. Lakini ile haikuwa akili yenu, Hirad. Ilikuwa bahati yangu. Na bahati ya nyumba hii nimeshaitumia mimi, haikubaki ya binti yangu."

Kisha Raho akachukua sahani ya sambusa akaipeleka jikoni, kama mtu aliyemaliza shughuli yake. Magan aliona haya mpaka masikio. Miaka yote aliyokaa na mke wake hakuwahi kumsikia akilisema hilo. Na ndani ya haya hizo, tusiseme uongo, alifurahi pia kuitwa mtu mwema mbele ya ndugu zake.

Hirad ndiye aliyesema kwanza, baada ya kukohoa sana. "Na Kiarabu? Atakisomea wapi?"

"Kwako, ami," Filsan akasema haraka. "Likizo."

"Kila likizo?"

"Kila likizo."

"Wallahi?"

"Wallahi."

"Basi na azichore hizo nyumba," Hirad akasema. "Lakini ya kwanza iwe madrasa yangu, mvua inaninyeshea mimi na wanafunzi." Hapo Abdifatah akapata ruhusa ya kucheka, akacheka kwa yote aliyokuwa ameyazuia. Iqra akasema ana mgonjwa, akamwambia Filsan asome mpaka waliomnyima yeye udaktari wajute, akakata.

Magan peke yake hakusema ndiyo wala hapana. Alitoa simu kwenye bakuli, akaifuta kwa shati, akasema, "Kesho tutaondoka saa kumi na mbili asubuhi." Filsan alitaka kumuuliza tena kama ameridhika, akaogopa jibu. Ndiyo, Filsan huyo huyo. Usiku ule aliota kemia.

Jumatatu wakaingia ofisini kwa Mwalimu Nthoki, Magan na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa. Alikaa wima kwenye kile kiti kidogo cha plastiki, magoti yamepita meza. Mwalimu akawasalimu, akauliza habari za safari, kisha kwa adabu, kama mtu anavyomtanguliza mkubwa, akamgeukia yeye.

"Mzee Magan, kabla sijamuuliza Filsan. Wewe ungependa binti yako asome nini?"

Filsan akashika ukingo wa kiti. Watu wote walikuwa wameridhika, isipokuwa huyu mmoja, na huyu mmoja ndiye aliyekuwa ameulizwa.

"Kemia," Magan akasema.

Filsan akafumba macho.

"Niliipenda sana," Magan akaendelea, taratibu kama kawaida yake. "Nilikuwa kidato cha pili. Tulikuwa maabara siku hiyo, mwalimu ametugawia vile vibomba vya kioo tuone dawa zikigeuka rangi, ndugu wakaja kuniita niende dukani. Nilidhani ninarudi kesho yake. Mpaka leo sijui ile rangi ingekuwa gani." Alitazama mikono yake. "Hiyo kemia ni yangu, mwalimu. Ya kwake muulize mwenyewe."

Akasimama, akaweka mkono kidogo juu ya kichwa cha Filsan, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.

Kulikuwa na benchi ukumbini, akakaa. Ndani ilisikika sauti ya binti yake, mwanzo polepole, kisha ikashika kasi, na baada ya muda Mwalimu Nthoki akasikika akicheka, akiuliza, akicheka tena. Simu ya Magan ikalia. Alikuwa Hirad.

"Wamesemaje?"

"Sijui. Yuko ndani anaongea."

"Na wewe uko wapi?"

"Mimi?" Magan akasema. "Mimi niko nje."